Kutengeneza Kichekesho cha Vikaragosi cha Zama za Mawe Nyumbani: Mwongozo Kamili

Filamu ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, mbinu inayojulikana kama stopu-mosheni, ni miongoni mwa kazi chache za sinema ambazo familia inaweza kuzifanya kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho, juu ya meza moja na kwa simu moja. Zama za Mawe nazo zinaifaa mbinu hiyo vizuri sana, kwa sababu hazihitaji majengo, magari wala mavazi ya kushonwa kwa ufundi, na vitu vyake vikuu, yaani mawe, nyasi, mchanga na mifupa, hupatikana uani bila gharama.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1915 Mmarekani Willis O'Brien alitengeneza filamu ya dakika chache yenye watu wa mapangoni, dinosaria na kiumbe mfano wa sokwe, wote wakiwa vikaragosi vidogo, na shabaha yake ilikuwa kuchekesha. Kampuni ya Thomas Edison iliisambaza mwaka 1917, na mwaka 1933 O'Brien huyohuyo ndiye aliyesimamia uhuishaji wa King Kong. Mwaka 2018 Nick Park wa studio ya Aardman, iliyoko Bristol nchini Uingereza, alitoa Early Man, kichekesho cha familia kuhusu kabila dogo la Zama za Mawe linalokutana na watu wa Zama za Shaba na kushindana nao uwanjani kwa mpira wa miguu.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, naomba msomaji ashike msimamo mmoja ambao maelekezo yote yanayofuata yanautegemea. Kichekesho cha watu wa kale huharibika pale mtengenezaji anapowachukulia kuwa wajinga. Aliyegonga jiwe kwa mara ya kwanza akapata ukingo wa kukata alikuwa fundi na mvumbuzi, na kicheko kizuri hutokana na jinsi anavyohangaika na jambo jipya ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha. Watoto humpenda mhusika wa namna hiyo kwa sababu wao wenyewe hukutana na mambo mapya kila siku.

Hatua ya kwanza: Chagua wakati na mahali halisi

Maneno "zamani za kale" hayatoshi, kwa maana Zama za Mawe zilidumu zaidi ya miaka milioni tatu. Zana za mawe zilizopatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zina umri wa takribani miaka milioni 3.3, ilhali michoro ya miambani ya Kondoa ni ya watu kama sisi walioishi karibu zaidi na wakati wetu. Ukiyachanganya haya bila kujua, utakosa vichekesho vingi ambavyo historia yenyewe imekuandalia.

Mfano nitakaoutumia katika mwongozo huu mzima ni Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, takribani miaka milioni 1.8 iliyopita. Wakati huo palikuwa na ziwa lenye maji ya magadi, chemchemi za maji baridi pembezoni mwake, miti na matete, huku volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zikimwaga majivu. Waliishi hapo viumbe wawili wa jamii ya binadamu kwa wakati mmoja. Mmoja ni Homo habilis, ambaye wataalamu wengi humhusisha na zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyovunjwa ili kupata uboho. Mwingine ni yule ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959 na kuitwa Zinjanthropus, mwenye taya kubwa mno na magego mapana. Vipimo vya kemia ya meno ya jamii yake vinaonyesha kwamba chakula chao kikuu kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Majirani wawili, mmoja akihangaika kuvunja mfupa na mwingine akitafuna majani kwa utulivu mchana kutwa: kichekesho kimekwisha kujileta chenyewe.

Kuhusu dinosaria, amua mapema. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na wale wa Tendaguru karibu na Lindi, ambao mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, waliishi miaka milioni 150 iliyopita. Hakuna binadamu aliyewaona. Early Man inaanza kwa kuwaweka pamoja na watu karibu na Manchester, lakini inafanya hivyo waziwazi kama mzaha, na mtazamaji anaalikwa kuushiriki. Ukitaka kufanya vivyo hivyo, fanya uwongo wako uwe mkubwa kiasi kwamba hata mtoto wa miaka saba ataujua. Kwa maoni yangu, fisi wa Oldupai ana faida kubwa kuliko dinosaria, kwa kuwa alikuwepo kweli na tabia yake inajulikana na kila mtu.

Hatua ya pili: Andika hadithi yenye tatizo moja

Filamu ya kwanza isizidi sekunde 90. Katika muda huo kuna nafasi ya tatizo moja tu linalorudi mara tatu, kila mara kwa ukubwa zaidi, kisha likatatuliwa kwa njia ambayo mtazamaji hakuitazamia.

Hadithi yetu ya mfano ina wahusika wanne. Mjomba ana mfupa wa swala na anataka uboho. Anachagua mawe kwa madaha, analipima kila moja, analinusa, kisha anagonga, na jiwe linamponyoka. Binti anamtazama. Fisi anasubiri nafasi yake nyuma ya kichaka. Jirani, yule mwenye taya kubwa, anatafuna matete upande wa pili na hajishughulishi na lolote. Mara ya tatu jiwe la Mjomba linapasuka na kutoa kipande chenye makali ya ajabu, naye anashangilia uvumbuzi wake kwa muda mrefu hata Fisi anaondoka na mfupa. Binti anaokota kile kipande na kukata kwacho matete mabichi ya Jirani, ambaye anawakaribisha wote kula. Wanatafuna. Nyuso zao zinamalizia hadithi.

Angalia kwamba hakuna anayeumizwa, hakuna damu, na mfupa ni mweupe msafi. Angalia pia kwamba hakuna maneno. Miguno, pumzi na vicheko vinatosha, na kwa kuyaacha maneno unajiondolea kazi ngumu ya kulinganisha midomo na sauti. Katika Early Man, mhusika Hognob, nguruwe mwitu anayefuatana na shujaa, hasemi neno hata moja. Sauti yake ya miguno ilitolewa na Nick Park mwenyewe, na mara nyingi uso wake ndio unaotuambia tucheke wapi. Jirani wetu atafanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya tatu: Piga hesabu, kisha chora

Studio kubwa hutumia fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, na mara nyingi kila mkao hupigwa picha mbili. Nyumbani tumia picha 12 kwa sekunde. Sekunde 90 zitahitaji picha 1,080, na ukikadiria dakika moja kwa kila picha, kazi ya kupiga picha peke yake ni saa 18. Igawe katika siku kadhaa, wala usimlazimishe mtoto kukaa mezani zaidi ya anavyoweza kuvumilia, kwa sababu mkono uliochoka husogeza kikaragosi ovyo.

Chora kila shoti, yaani kila kipande cha filamu kinachoonekana bila kukatwa, kwenye karatasi yake, hata kwa vijiti tu, na uandike chini yake idadi ya sekunde. Panga karatasi hizo sakafuni na usimulie hadithi kwa sauti huku mtu mwingine akitazama saa. Shoti isiyoongeza kitu itajitokeza hapo, na kuiondoa karatasi ni rahisi kuliko kuondoa picha 60 zilizokwisha kupigwa.

Hatua ya nne: Tengeneza vikaragosi

Anza na kipimo. Wataalamu hukadiria kwamba Homo habilis alikuwa mfupi, na kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila sentimita nane, Mjomba mwenye urefu wa sentimita 16 atawakilisha mtu wa sentimita 128. Binti awe na sentimita 12, na Fisi awe na sentimita 10 hadi begani. Kipimo hicho kitumike kwa kila kitu kitakachowekwa mezani, ukiacha kichwa na mikono, ambavyo katika kichekesho hukuzwa makusudi ili hisia zionekane.

Mifupa ya kikaragosi hutengenezwa kwa waya wa alumini wenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, uliokunjwa mara mbili na kusokotwa. Alumini hukunjika bila kurudi nyuma, tofauti na waya wa chuma. Sehemu zisizopaswa kupinda, kama paja na mkono wa juu, zivishwe vipande vya mrija wa soda au zipakwe gundi ya epoksi, ili goti na kiwiko vijikunje mahali pake. Kisha zungushia waya wote uzi wa pamba au seloteipu ya karatasi, kwa sababu plastisini, udongo laini wa kuchezea utakaoufunika mwili, huteleza kwenye waya mtupu. Kazi ya kukata waya na kuchanganya epoksi ifanywe na mtu mzima.

Miguu ndiyo hukata tamaa za wengi. Kikaragosi chenye kichwa kikubwa huanguka, na kikianguka shoti nzima imekwenda. Fanya nyayo ziwe pana, kisha uzishike chini kwa njia mojawapo kati ya hizi: nati iliyofungwa ndani ya unyayo na kukazwa kwa skrubu kutoka chini ya ubao, sumaku yenye nguvu chini ya bati jembamba, au, kwa njia rahisi kabisa, pini ndefu zinazopenya unyayo hadi kwenye jukwaa la povu gumu. Kwa Fisi mwenye miguu minne pini mbili zinatosha.

Mwili ufunikwe kwa plastisini, ile isiyokauka kwa kuwa imechanganywa na mafuta. Udongo wa mfinyanzi haufai kwa sehemu zinazosogea, maana hukauka na kupasuka kabla ya siku kwisha. Katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam, plastisini hulegea mchana, hivyo fanya kazi asubuhi au usiku, na uweke vikaragosi mahali pa baridi kati ya shoti na shoti. Anza kufinyanga rangi nyepesi kabla ya zile nzito, na uwe na kitambaa chenye unyevu cha kufutia vidole kila mara, kwa kuwa uchafu mdogo usioonekana kwa macho huwa doa linalorukaruka kwenye filamu.

Nywele za katani iliyochambuliwa, au manyoya ya kitambaa cha zamani, hufaa kwa watu wetu. Hakuna ushahidi wa mavazi kwa wakati huo, lakini kwa ajili ya filamu ya familia mvishe kila mmoja manyoya mengi au kipande cha kitambaa cha rangi ya ngozi kiunoni. Ni uhuru mdogo ambao hakuna atakayeulalamikia. Manyoya marefu yana hasara moja: kila yakiguswa hubadilika, na kwenye filamu huonekana kama yanapeperushwa na upepo. Yapake gundi nyepesi ili yatulie.

Sasa uso. Macho yawe shanga nyeupe zilizotiwa doa jeusi kuzunguka tundu. Ukitumbukiza ncha ya sindano katika tundu hilo unaweza kuligeuza jicho bila kuugusa uso. Kope ziwe vipande vyembamba vya plastisini vya rangi ya ngozi vinavyobandikwa juu ya shanga na kuondolewa. Nyusi nene ni chombo chenye nguvu kuliko vyote: zikiinuka ni mshangao, zikishuka katikati ni hasira, moja ikiinuka peke yake ni shaka. Kwa midomo, tengeneza seti ndogo ya kubadilisha, yenye tabasamu, mguno, mdomo wazi, mdomo uliopinda kwa uchungu, na mwingine wa kutafuna, ukiiweka kwenye kisanduku chenye vyumba ili isipotee. Mjomba na Binti wawe na seti kamili. Jirani anahitaji miwili tu, wa kushoto na wa kulia, kwa maana kazi yake ni kutafuna, na ukimficha nyuma ya matete hadi kifuani hutahitaji kumtengenezea miguu.

Hatua ya tano: Jenga mandhari

Meza iwe nzito, isiyotikisika. Weka juu yake ubao wa mita moja kwa sentimita 60, na uufunge kwa vibanio. Vilima hujengwa kwa wavu wa kuku uliofunikwa karatasi za magazeti zilizolowekwa katika gundi ya unga, kisha kupakwa rangi na kunyunyiziwa mchanga uliochekechwa ungali mbichi. Matete na nyasi yanapatikana kwenye fagio la chelewa. Miti kwenye nyaya za shaba zilizosokotwa na kuvikwa sponji iliyopakwa rangi ya kijani kibichi na kahawia. Mawe yawe ya kweli. Kila kinachoweza kusogea kwa bahati mbaya, hata kokoto, kigundishwe.

Anga ni kitambaa au karatasi kubwa iliyopakwa rangi na kusimamishwa angalau nusu mita nyuma ya meza, ili vivuli vya vikaragosi visiangukie juu yake. Chora volkano kwa mbali, na moshi wake uwe pamba iliyonyooshwa kwenye waya. Acha nafasi mbele ya ubao kwa mikono yako, maana mandhari nzuri isiyofikika kwa mkono haina matumizi.

Hatua ya sita: Taa na kamera

Funika madirisha kabisa. Jua husogea, wingu hupita, na kwa kuwa shoti ya sekunde tano inaweza kuchukua saa nzima, mtazamaji ataona vivuli vikikimbia na mwanga ukipepesa. Tumia taa mbili au tatu za LED zisizopepesa: moja yenye nguvu kutoka upande mmoja iwe jua, nyingine hafifu kutoka upande wa pili ilainishe vivuli, ya tatu iangaze anga. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, taa za kuchaji hutoa mwanga ulio imara zaidi. Vaa nguo nyeusi, kwani shati jeupe hurudisha mwanga juu ya meza na kuubadilisha kila unapojongea.

Simu ifungwe kwenye tripodi, na tripodi ibandikwe sakafuni kwa utepe. Izime mawasiliano, iunganishe na chaji, na upige picha kwa rimoti au kwa kitufe cha waya wa masikioni ili usiiguse. Katika programu, funga kwa mkono mambo matatu: fokasi, mwangaza na rangi ya mwanga. Vikiachwa vijirekebishe vyenyewe, kila picha itatofautiana na iliyotangulia. Programu ya Stop Motion Studio inapatikana kwa simu za Android na iPhone na inafaa kwa kuanzia. Dragonframe, inayotumia kompyuta, ndiyo hutumiwa na studio nyingi za kitaalamu. Chagua yoyote itakayokuonyesha kivuli cha picha iliyotangulia juu ya ile unayotaka kupiga, kwani bila kivuli hicho huwezi kupima umesogeza kiasi gani.

Hatua ya saba: Huisha, na ujue wapi pa kusimama

Kanuni ya msingi ni kwamba kitu chochote kinachoanza kwenda huanza polepole, hushika kasi, na kumalizia polepole. Mkono unaosafiri sentimita tano usiusogeze kwa vipande vilivyo sawa. Sogeza milimita mbili, kisha tano, kisha kumi, halafu urudi kwenye vipande vidogo. Kila tendo kubwa litanguliwe na dogo la kinyume chake: anayetaka kuruka huchuchumaa kwanza. Kichwa kikigeuka, macho yatangulie picha mbili, na kope zifunge katikati ya mzunguko.

Hata hivyo, kicheko chenyewe hukaa pale ambapo hakuna kinachosogea, na waanzao wengi hushindwa hapo kwa sababu hudhani kwamba kila picha lazima iwe na mabadiliko. Chukua lile tendo la Mjomba kugonga jiwe. Mkono unapanda kwa picha nane. Unasimama juu kwa picha sita, na katika hizo nyusi zake tu ndizo zinazokaza. Unashuka kwa picha mbili pekee, kwa ghafla. Jiwe halimo tena mkononi. Sasa simama tuli kwa picha 14, zaidi ya sekunde nzima, Mjomba akiwa katika mkao uleule na macho yake yakihama polepole kutoka mkononi hadi angani. Sauti ya jiwe kuanguka mbali ije baada ya hapo. Kata kwa Jirani: anatafuna mara tatu, anaacha kutafuna kwa picha kumi, kisha anaendelea kama kawaida. Hakuna haja ya kulionyesha jiwe likiruka. Mtazamaji ameshaliona akilini mwake, nawe umeokoa saa mbili za kazi.

Katika muda huo wa kusimama usirudie picha moja tu mara 14, kwani kikaragosi kitaonekana kimekufa. Piga tatu au nne zilizo karibu sawa na uzipange kwa zamu, au umpe mhusika pumzi ndogo kwa kuinua kifua kwa nusu milimita, au kupepesa kope mara moja kwa picha tatu.

Kutembea ni kugumu, kupunguze. Mjomba aingie kwenye shoti akiwa ameshafika, au apite nyuma ya matete ambapo miguu haionekani. Ikibidi atembee, hatua moja ichukue picha sita, na mwili upande na kushuka kwa kila hatua. Kwa Fisi, mwendo wa kunyemelea ulioinama unaficha makosa mengi, tena unamfaa.

Mgawanye kazi kwa kila shoti: mmoja asogeze, mmoja apige picha na kuhesabu kwa sauti, mmoja aangalie kwamba mikono imetoka kabla ya kubonyeza. Mtu aliyeanza kumhuisha mhusika katika shoti fulani aimalize mwenyewe, kwa kuwa kila mkono una mwendo wake na mabadiliko huonekana.

Hatua ya nane: Sauti na uhariri

Mfupa unaopasuka ni muwa uliovunjwa karibu na kipaza sauti. Nyayo ni vidole vinavyokanyaga sinia la mchanga. Kutafuna kwa Jirani ni kabichi mbichi, na kila mtu nyumbani ajaribu kicheko cha fisi kabla ya kuchagua kimoja. Kwa muziki usichukue wimbo wa mtu mwingine. Gonga mawe ya ukubwa tofauti uyarekodi. Kwenye vilima vya Moru, huko Serengeti, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya kugongwa linalotoa sauti za kengele, hivyo muziki wa mawe una mizizi katika eneo lenyewe la hadithi yetu.

Unapohariri, tazama filamu mara moja bila sauti. Pigo likionekana zito, ondoa picha moja kabla ya kugusana. Kicheko kikipita upesi, ongeza mbili au tatu mahali pa kusimama. Kisha mwonyeshe mtoto ambaye hakushiriki na hajui hadithi, ukae pembeni na kutazama uso wake badala ya skrini, ukiandika sekunde aliyocheka na sekunde aliyogeuka kuangalia kitu kingine. Rekebisha kwa kufuata karatasi hiyo. Picha zote 1,080 za asili zihifadhiwe katika diski mbili tofauti kabla ya kukivunja kikaragosi chochote, kwa sababu shoti moja ya kurudia ni jambo la kawaida, na Mjomba asiye na kichwa hawezi kurudiwa.